Inchi 18 za Kadutu

Katika makanisa madogo ya Bukavu batri nayo huwa ndogo. Nasema batri kwa maana ya seti nzima ya ngoma: kesi klere, tomu mbili au tatu, matoazi, na chini kabisa ngoma ya mguu, ile inayopigwa kwa pedali. Jukwaa ni finyu, wanakwaya ni wengi, na mji wenyewe umepanda vilima kutoka ufukwe wa Ziwa Kivu mpaka ukakosa pa kukaa. Ngoma iliyonunuliwa Kigali au Kampala lazima ivuke Ruzizi, ipakiwe kwenye taximoto, kisha ibebwe begani kwenye vijia vya Kadutu au Panzi ambako pikipiki haifiki. Mbebaji ndiye mara nyingi mchaguzi wa ukubwa. Basi huchagua inchi 18, si 22, na Jumamosi alasiri, saa ya mazoezi, lalamiko huwa lilelile: ngoma hii haina tumbo. Inasema "pa" wakati watu wanataka iseme "du".

Fundi ninayetaka kumsifu ana kibanda juu kidogo ya soko la Kadutu, chini ya mabati ambayo mvua ikinyesha hamsikilizani. Hutengeneza spika, gitaa na chochote chenye nyuzi, lakini watu wa kwaya humpandia kwa ajili ya ngoma. Wateja humwita muzee, nami nitamwita hivyo hivyo.

Mteja akifika, muzee haigusi ngoma. Humketisha mpigaji, hutoka nje, huvuka njia na kusimama upande wa pili kati ya pikipiki na mabeseni ya samaki wa sambaza. Kutoka huko hupaza sauti: "Miye niko inje! Piga tu vile unapigaka siku ya Mungu!" Kijana hupiga. Wapita njia hugeuka. Muzee huinamisha kichwa, hasemi neno.

Kwa nini nje? Kwa sababu mpigaji ndiye mtu wa mwisho kuijua ngoma yake ya mguu. Amekaa nyuma yake, masikio yako juu ya ngozi ya kupigia, na kinachomfikia kwanza ni mgoto wa nyundo ya pedali. Waumini wako mbele. Wao hupokea ngozi ya pili, ile isiyoguswa na kitu, pamoja na hewa iliyosukumwa kati ya ngozi mbili. Vijana wengi huchagua ngozi kwa sikio la kitini, wakaridhika, kisha wakashangaa mbona mama wa kiti cha tano hasikii chochote ila kugongwa kwa mlango.

Akirudi ndani, agizo la kwanza halibadiliki: "Peti, toa kwanza ule muto."

Mto ndio dawa ya kila mahali. Ngoma ikilia ovyo, unaingiza mto. Ikiendelea kulia, unaongeza blanketi. Katika ngoma ya inchi 22 dawa hiyo ina kiasi cha ukweli, kwani ngoma kubwa ina sauti ya kupoteza. Ngoma ya inchi 18 haina akiba hiyo. Mto unaogusa ngozi zote mbili hunyonya mlio mbaya na mzuri kwa pamoja, ukaacha mgoto mkavu ambao hata kipaza sauti hakiwezi kuufufua, maana kipaza sauti huongeza kilichopo. Mto ukitoka, ngoma huanza kuvuma, na kijana hushtuka: "Inalia sana, muzee." Jibu analopewa nimelisikia zaidi ya mara moja, na ndani yake mna nusu ya ufundi wote: "Iache ilie. Tuone kwanza yenye inalia."

Kinacholia si kimoja. Ngozi iliyotandazwa juu ya duara hutoa sauti ya msingi, na juu yake sauti nyingine ambazo hazipangiki kwa mafungu kamili kama zile za uzi wa gitaa. Uzi hutoa mara mbili, mara tatu, mara nne ya msingi. Ngozi hutoa mara 1.59, mara 2.14, mara 2.30, na kuendelea, ndiyo maana ngoma haisikiki kama noti safi. Sauti ya msingi na ile ya 2.30 huamka ngozi ikipigwa katikati. Ile ya 1.59, ambayo ndiyo yenye "pa" ya kuudhi, huamka nyundo ikipiga nje ya katikati. Sasa tazama ngoma ya inchi 18 ikiwa sakafuni. Kitovu chake kiko inchi 9 tu kutoka chini, ilhali mkono wa pedali umetengenezwa ukiwazia ngoma kubwa zaidi. Nyundo hupiga juu ya kitovu. Wengi hubadilisha ngozi mara mbili au tatu wakiitafuta "du", kumbe ngoma inapigwa pasipofaa.

Muzee huiinua ngoma upande wa pedali kwa kibao cha mbao kilichochongwa mviringo na kufunikwa kipande cha mpira wa tairi ili isiteleze, kisha hufupisha mkono wa nyundo. Huchukua kipande cha chaki, huipaka nyundo, humwambia kijana apige mara moja, na alama nyeupe ndiyo inayojibu. Wakati mwingine kazi huishia hapo. Mteja huondoka na ngozi zake za zamani, na muzee hukosa faida ya kuuza mpya. Hilo nimelishuhudia, na ndipo nilipoanza kumheshimu.

Lakini tuseme ngozi imechoka kweli. Ina shimo dogo la kubonyea pale nyundo inapotua, na utando wake umelegea upande mmoja. Hapo ndipo uchaguzi huanza, na kanuni yake ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Mambo matatu huamua sauti ya msingi: upana wa duara, mkazo wa ngozi, na uzito wa ngozi yenyewe. Punguza upana, sauti inapanda. Kaza, inapanda. Ongeza uzito, inashuka. Ngozi ileile kwa mkazo uleule, ukiihamisha kutoka inchi 22 kwenda inchi 18, hupanda karibu nusu toni tatu na nusu. Hilo ndilo deni la ngoma ndogo.

Deni hili laweza kulipwa kwa kulegeza, lakini itabidi uondoe theluthi nzima ya mkazo. Ngozi iliyolegezwa kiasi hicho huanza kukunjamana kandokando, nyundo hairudi mguuni kwa wakati, na mpigaji hujikuta akivuta mguu kama aliyekanyaga tope. Njia nyingine ni uzito. Ngozi ya plastiki ya kawaida, kama Ambassador ya Remo, ni tabaka moja la robo milimita hivi. Emperor ya kampuni hiyohiyo ni tabaka mbili, kila moja karibu milimita 0.18, jumla 0.36. Ukipiga hesabu, kutoka ya kwanza kwenda ya pili sauti hushuka kama nusu toni tatu, yaani karibu deni lote. Mtu wa vitabu angeishia hapo, akanunua ngozi nene kuliko zote.

Muzee haishii hapo, na sikio lake liko sahihi. Ngozi haitetemi peke yake. Hewa ya kila upande husogea nayo na kuiongezea uzito, kwa hiyo tofauti ya unene dukani huwa kubwa kuliko tofauti ya sauti kanisani. (Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na hewa ya Bukavu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia kama 14. Sijui mwanamuziki aliyewahi kulalamikia hilo, lakini hunifurahisha kulifikiria.) Tena tabaka mbili husuguana, na msuguano hula nguvu ya pigo. Ngozi nene hudai mguu mzito. Wapigaji wa kwaya wengi ni vijana wembamba, na pasta hataki kelele wakati wa maombi. Pigo dogo juu ya ngozi nene hufia ndani. Unapata sauti ya chini ambayo hakuna anayeisikia.

Kwa hiyo chaguo lake kwa upande wa kupigia huwa la katikati: tabaka moja la robo milimita, lililopakwa rangi nyeupe ya kukwaruza, lenye pete ya utando wa pili iliyobandikwa upande wa ndani kandokando. Kiwandani ngozi ya namna hiyo huitwa Powerstroke 3. Pete ile huituliza miluzi ya juu, ambayo makazi yake ni karibu na ukingo, na kuiacha katikati huru itoe sauti ya msingi. Kampuni ya Evans ina mbinu nyingine kwenye ngozi yake ya EMAD: mfereji wa plastiki upande wa nje unaoshika pete ya sifongo, nyembamba au pana, upendavyo. Ni kazi safi, ila kwa ngoma ya inchi 18 ile pete pana naiona ni mto uliovaa suti. Nyembamba yatosha.

Ngozi hizo hazipatikani Bukavu kila siku. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23 na benki zikafungwa, pesa taslimu za kuagiza kitu kama ngozi ya ngoma zimekuwa adimu zaidi. Ndipo werevu wa kibanda unapoonekana. Muzee hatupi ngozi kuukuu. Iliyobonyea katikati bado ina ukingo mzima, na ukingo ndio anaouhitaji. Huilaza juu ya meza, huchora duara mbili kwa uzi uliofungwa kwenye msumari, hukata kwa wembe, akabaki na pete ya upana wa vidole viwili. Ngozi nyembamba ya kawaida, iliyowekewa pete hiyo kwa ndani, hukaribia sana ile ya kiwandani. Nimezisikia zote mbili nikiwa nje, karibu na sambaza, na nisingeapa ipi ni ipi.

Wapo wanaomletea ngozi ya ng'ombe. Si wazo la kijinga, na hapa katika nchi ya Bushi, ambako ng'ombe ni heshima ya ukoo, lina mvuto wake. Mpaka miaka ya 1950 ngoma zote za batri duniani zilikuwa za ngozi ya mnyama, hasa ndama. Kisha ikaja filamu ya poliesta iitwayo Mylar. Chick Evans akaitengenezea ngozi za ngoma, Remo Belli akaanzisha kampuni yake huko California mwaka 1957, na ndama wakapumzika. Ngozi ya ng'ombe ni nzito na hujituliza yenyewe. Katika ngoma ndogo hutoa sauti ya chini yenye joto ambayo plastiki huitafuta kwa pete na sifongo. Jirani zetu Warundi, ambao ngoma zao za kifalme UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014, hawajaona sababu ya kuiacha: ngozi ya ng'ombe juu ya mti wa umuvugangoma. Lakini ngoma ya Burundi hukazwa kwa vigingi vya mti na hupigwa kwa mikono miwili ya mtu mzima. Batri ya kanisa hukaa Bukavu, mji ambao mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Ngozi ya mnyama hunywa unyevu, ikalegea. Jua likitoka, ikakaza. Ukiilinganisha na kinanda saa tatu asubuhi, saa tano imekwisha kuhama. Muzee huikubali kazi hiyo kwa sharti moja: mteja aahidi kuanika ngoma kabla ya ibada. Wengi hughairi.

Kufunga ngozi kwenyewe ndiko ningependa kila anayepiga batri akuone. Muzee hufungua skrubu zote, huondoa pete ya mbao, huivua ngozi ya zamani na kukiacha kiwiliwili kitupu. Halafu hukilaza kifudifudi juu ya kioo cha dirisha. Kioo ndicho kitu pekee kilicho sawasawa kabisa katika kibanda kile. Huwasha tochi ya simu, huiweka ndani ya ngoma, hufunika juu kwa gunia, na kuinama mpaka shavu liguse meza. Pale ukingo usipogusa kioo, mwanga huchungulia. Ngoma za bei nafuu huchungulia kila mahali. Pahali palipoinuka hupapitisha msasa, mara tatu nne tu, na kuangalia tena. Hakuna haraka. Kazi hii yaweza kula asubuhi nzima, na haionekani kabisa ngozi ikishafungwa. Ukingo ukikaa sawa, hupitisha kipande cha mshumaa juu yake kuuzunguka, ili ngozi iteleze na kutulia bila kung'ang'ania mbao.

Ndipo ngozi hukaa, kisha pete, kisha skrubu. Ngoma ya inchi 18 kwa kawaida huwa na skrubu 8 kila upande. Za bei ya chini huwa na 6. Kwanza hukazwa kwa vidole tu, mpaka vidole vigome. Kisha ufunguo: nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko upande wa pili unaotazamana nao, kamwe si skrubu mbili jirani kwa kufuatana. Katikati ya kazi huweka kiganja juu ya ngozi na kuegemea kwa uzito wa kifua. Gundi ya ukingoni hulia kwa mivunjo midogo, na kijana hukunja uso akidhani ngozi imepasuka. Haijapasuka, imekubali umbo la ngoma. Mikunjo hurudi, muzee huifuata kwa ufunguo mmoja mmoja mpaka wa mwisho uondoke, na akishafika hapo huongeza robo mzunguko tu. Huo ndio mkazo wake wa upande wa kupigia. Chini yake ngozi inakunjamana, juu yake ngoma inaanza kudai nusu toni zake.

Baadaye huja kusikiliza. Hugonga kwa ncha ya kidole sentimita tatu au nne kutoka kila skrubu, huku kidole cha mkono wa pili kikigusa katikati ili kunyamazisha sauti ya msingi na kuiacha ile ya ukingoni iseme. Kila skrubu ina noti yake, na zote 8 lazima zikubaliane. Hagongi kwa nguvu. Sikio huliweka karibu kama daktari aliyesahau kipima moyo nyumbani. Ile iliyo juu huilegeza kupita kiasi kisha huipandisha tena, kwa sababu skrubu iliyoachwa baada ya kulegezwa huteleza. Iliyoachwa baada ya kukazwa hukaa. Mvua ikianza kupiga mabati, huweka ufunguo chini na kuanza kuzungumzia mambo mengine. Hakuna kusikiliza ngoma chini ya mabati yenye mvua, wala hajaribu.

Hapo mteja huwa na muda wa kuuliza kwa nini asinunue tu ngoma kubwa. Swali la haki. Historia ya chombo hiki ni ya kupungua. Ilianza kama ngoma ya bendi za kijeshi, ya kubebwa kifuani. Kwa njia hiyo ilifika pwani yetu, na vijana wa Lamu na Mombasa wakaitia katika beni mwishoni mwa karne ya 19. Ilipoingia ukumbini bado ilikuwa kubwa kama meza. Pedali ya William Ludwig ya Chicago, mwaka 1909, ndiyo iliyoiweka chini ya mguu wa mtu aliyeketi, na tangu hapo ikaanza kusinyaa: inchi 28, 26, 24, 22. Wapiga jazi walipoifikisha 18 hawakuwa na nia ya kuifanya ivume kama kubwa. Tony Williams, aliyejiunga na Miles Davis mwaka 1963 akiwa na miaka 17, aliiacha inchi 18 yake iimbe wazi, juu, karibu kama tomu nyingine. Hiyo ni njia mojawapo ya kuiheshimu ngoma ndogo.

Lakini kwetu muziki ni mwingine. Bendi ya Zaïko Langa Langa ilipoeneza mdundo wa cavacha kutoka Kinshasa miaka ya 1970, na Meridjo Belobi akiwa kwenye batri, kazi ya kuchezesha miguu ilipewa kesi klere na toazi. Ngoma ya mguu ilibaki kushika ardhi. Kwaya za Bukavu, hata zinapoimba taratibu, hurithi mgawanyo huo, hasa wimbo ukifika mwisho na gitaa kuingia sebene, ile sehemu ya kucheza. Ngoma ya mguu inayoimba sana hapo huvuruga. Inatakiwa iseme neno moja, la chini, na kunyamaza kabla kesi klere haijajibu.

Na chini yake kuna gitaa la besi. Muzee hudai mpigaji besi aje pia, jambo linalowakera wanakwaya kwa sababu mpigaji besi huwa na shughuli. Uzi wa chini kabisa wa besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Ngoma ya inchi 18 haitafika huko kwa ngozi yoyote, na si lazima ifike. Yeye humwomba mwenye besi apige noti za wimbo ambao kwaya inaupenda, moja moja, huku ngoma ikipigwa. Pakitokea noti ambayo ngoma na besi vinavuma pamoja mpaka spika inatikisika, huisogeza ngoma kidogo juu au chini mpaka viachane. Baada ya hapo husema jambo ambalo kijana wa batri halipendi: tumbo unalolitafuta liko kwenye spika ya mwenzako, wewe mpe mwanzo wa noti, yeye atakupa mwili wake. Ukisikiliza kutoka nje unaona ni kweli. Sikio haligawi; husikia ngoma moja kubwa.

Imebaki ngozi ya mbele, na hapa ndipo penye ugomvi. Ngozi zinazokuja na batri za bei nafuu ni nyembamba, nyeusi, zenye jina la kiwanda kwa herufi kubwa, na mara nyingi zina tundu. Tundu lina faida zake: kipaza sauti huingia ndani, pigo husikika kavu na karibu. Katika ngoma ya inchi 22 tundu la inchi 5 ni sehemu ndogo ya uso wa mbele. Katika inchi 18 tundu lilelile huchukua sehemu kubwa zaidi, na hewa iliyotakiwa kuisukuma ngozi ya mbele hutorokea hapo. Ngozi mbili za ngoma huzungumza kupitia hewa iliyofungwa katikati; ya nyuma ikisukumwa, ya mbele huitikia, na zikienda upande mmoja kwa pamoja ndipo mvumo wa chini hupatikana. Fungua dirisha, mazungumzo hupungua.

Muzee hufunga mbele ngozi nzima, nyeupe, ya tabaka moja, na kuikaza juu kidogo ya ile ya kupigia. Juu kidogo, kwa sababu ya mbele ndiyo inayoshika urefu wa mvumo. Kama ukumbi ni wa matofali matupu na sauti hurudi kutoka ukutani, hukata mkanda wa blanketi la sufu, upana wa vidole vinne, na kuupitisha kati ya ngozi ya kupigia na ukingo, kando ya katikati, ukivutwa sawasawa. Ni mtindo wa zamani kuliko kampuni zote nilizotaja. Mkanda hugusa ngozi mahali pembamba tu. Hufupisha mvumo bila kuumeza.

Fundi mitambo wa kanisa moja alipanda siku moja na kipaza sauti chake mkononi, akataka tundu likatwe palepale. Muzee hakubishana. Aliweka kipaza sauti mbele ya ngozi nzima, kwa umbali wa kiganja, kikitazama kandokando badala ya katikati, akamwambia aende nje akasikilize. Yule bwana alirudi akisema inatosha, lakini siku ya mkutano wa hadhara, uwanjani, upepo ukivuma na spika zikirudisha mlio, itabidi tundu liwepo. Walikubaliana tundu la inchi 4, chini kando, karibu na ukingo, na likatwe kwenye ngozi ya akiba ambayo itafungwa siku za uwanjani tu. Mimi ningemwacha muzee ashinde kabisa, lakini mimi si fundi mitambo.

Siku hizi vijana wanamletea kitu kidogo zaidi: tomu ya sakafuni ya inchi 16, wanayotaka ilazwe ubavu na kugeuzwa ngoma ya mguu, kwa ajili ya ibada za nyumbani na arusi za uani. Wamekwisha kuona inafanyika kwenye simu. Muzee huigeuza mkononi, huhesabu skrubu, hukisia kibao cha kuinulia kitakuwa na kimo gani, maana kitovu sasa kiko inchi 8 kutoka chini, na huanza kutaja anachohitaji: pete za mbao badala ya hizi za chuma ili pedali ishike bila kuumiza ukingo, miguu miwili ya pembeni ili isibingirike, ngozi ya kupigia yenye pete pana kidogo, ya mbele nzima bila mjadala. Kijana huandika kila kitu kwenye simu. Akimaliza huuliza ni lipi atafute kwanza kati ya yote hayo.

"Mafuta," muzee humjibu. "Pedali yako inalia kuliko ngoma."